Acheni kuniuliza chura anafanana na mtu kwa asilimia ngapi

Swali limekuja tena, safari hii kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye anajua vizuri protini ni nini: "Daktari, chura anafanana na binadamu kwa asilimia ngapi hadi mumtumie maabara?" Siku chache kabla yake, mzee mmoja mwenye mabwawa ya samaki upande wa Ahero aliniuliza lile lile kwa kupinga. Chura na mtu wapi na wapi? Hizo pesa za utafiti si zingenunulia watu dawa? Mmoja anatetea, mwingine analaumu, na wote wawili wanaamini kitu kimoja: kwamba mnyama huingia maabara kwa kufanana na sisi, na kadiri anavyofanana ndivyo anavyofaa. Si kweli. Katika kazi niliyoifanya kwa miaka mingi kabla ya kurudi Kisumu kufundisha, chura alitufaa hasa pale asipofanana na sisi hata kidogo.

Namzungumzia Xenopus laevis, chura wa kusini mwa Afrika aliyesambaa maabara za dunia nzima. Anaishi majini maisha yake yote, hana ulimi, na miguu yake ya nyuma ina kucha nyeusi kwenye vidole vitatu. (Yule anayemaliza vifaranga vya ngege kwenye bwawa la mzee wangu huenda ni Xenopus victorianus, jamaa yake wa karibu wa huku ziwani.) Thamani yake imo kwenye mayai. Jike mmoja hubeba maelfu ya oosaiti, yaani seli za mayai ambazo bado hazijakomaa kutagwa, na zilizokua zina upana wa milimita 1.2 hivi, unaziona kwa macho. Chini ya hadubini nusu moja ni kahawia iliyokolea, nusu ya pili ina rangi ya maziwa. Unazitenganisha kwa kolajenesi, kimeng'enya kinachoyeyusha nyuzi zinazozishikanisha, unachagua zile ambazo mpaka kati ya rangi hizo mbili ni safi, unaziweka kwenye maji ya chumvi yaliyopimwa, nyuzi 18 hivi, kisha kwa sindano ya kioo unaingiza nanolita 50 za mRNA, ujumbe unaoiagiza seli itengeneze protini fulani. Baada ya siku mbili tatu oosaiti imetengeneza protini uliyoiagiza na kuifikisha kwenye utando wake, ngozi nyembamba inayoizunguka. Haiulizi mRNA imetoka wapi. Mwaka 1971 John Gurdon na wenzake waliipa mRNA ya himoglobini ya sungura, ikatengeneza himoglobini ya sungura.

Utando huo ndio watu wanaoupita mbio, nami nataka tukae hapo.

Chura hutaga kwenye maji ya bwawa, ambayo karibu hayana chumvi. Ndani ya yai chumvi ni nyingi zaidi, kwa hiyo maji yanataka kuingia kwa nguvu. Seli nyekundu ya damu yako ukiitia kwenye maji matupu inapasuka papo hapo. Yai la chura halipasuki, kwa sababu utando wake unapitisha maji kidogo mno. Maisha ya bwawani ndiyo yaliyompa chura utando huo. Wewe na mimi hatuna yai la namna hiyo, na hatujawahi kulihitaji.

Sasa mtazame Peter Agre kule Baltimore. Kundi lake lilikuwa na protini iliyojaa kwenye seli nyekundu na kwenye mirija ya figo, na kazi yake haikujulikana. Walishuku kwamba ni mlango wa maji. Mwaka 1992 waliingiza mRNA yake kwenye oosaiti za Xenopus, wakazitia kwenye maji yenye chumvi kidogo. Zile za kulinganishia, zisizopewa mRNA hiyo, zilikaa zilivyo. Zilizopewa zikavimba na kupasuka ndani ya dakika chache. Hiyo ndiyo akwaporini, na mwaka 2003 Agre akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Laiti wangetumia seli ya mtu ambayo tayari inapitisha maji kwa wingi, wangejuaje mlango mpya umefunguka? Ukitaka kusikia mbu mmoja, sharti chumba kiwe kimya. Oosaiti ni chumba hicho, na kadiri inavyotofautiana na seli ya figo yako ndivyo inavyofaa kuichunguza figo yako.

Mzee wa mabwawa aliyeuliza kuhusu dawa nilimjibu kwa klorokwini. Watu wa rika lake wanaikumbuka kwa uchungu wake mdomoni na kwa kuwashwa mwili mzima. Mwaka 1998 Kenya iliacha kuifanya dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea vilikuwa sugu. Kufikia 2000 jeni ya kimelea inayoleta usugu huo, pfcrt, ambayo protini yake huitwa PfCRT, ilikuwa imetambuliwa, na badiliko lake kuu likajulikana: asidi amino ya 76 katika mnyororo wa protini hiyo, lisini, imegeuka threonini. Badiliko hilo linafanya nini? Wapo waliosema protini hiyo huisomba dawa na kuitoa kwenye kijifuko cha chakula cha kimelea, mahali inapofanyia kazi. Wengine walisema inabadilisha tu asidi ya humo ndani. Ndani ya kimelea hoja hizo mbili ni ngumu mno kuzitenganisha. Kimelea kimo ndani ya seli nyekundu, kijifuko kimo ndani ya kimelea, na dawa yenyewe inanaswa humo.

Mwaka 2009 Rowena Martin na wenzake, kule Australia, waliiweka PfCRT kwenye utando wa nje wa oosaiti, wakayafanya maji ya nje kuwa na asidi ili yashike nafasi ya ndani ya kijifuko. Oosaiti zenye protini ya kimelea sugu ziliingiza klorokwini. Zenye protini ya kimelea kinachouawa na dawa hazikuingiza. Protini sugu inasomba dawa, basi. Hakuna aliyesema kimelea kinafanana na chura, wala chura na mtoto mwenye homa pale Siaya. Swali lilihitaji utando mkubwa, mtulivu, unaoweza kuutia mkononi, na chura alikuwa nao.

Yapo mashaka ambayo vitabu vya darasani huyaruka. PfCRT haikukubali kwenda kwenye utando wa nje hadi ishara zinazoielekeza kwenye vijifuko zilipobadilishwa, kwa hiyo protini iliyopimwa ilikuwa imehaririwa. Mafuta ya utando wa chura si yale ya kimelea. Oosaiti ilituambia protini hiyo inaweza kusomba dawa. Haikutuambia inasomba kwa kasi gani ndani ya damu ya mgonjwa. Tena oosaiti si kimya kabisa. Ina chaneli zake za kloridi, yaani milango ya chumvi kwenye utando, zinazofunguliwa na kalsiamu, na zimewahadaa wengi kudhani wamegundua jambo. Mayai ya jike mmoja yanakaa vizuri siku nyingi, ya mwenzake yanaharibika usiku mmoja. Matokeo yaliyotoka kwa mayai ya jike mmoja siyapokei, hata grafu ziwe nzuri namna gani.

Kwa viinitete hoja inageuka kidogo, na sitaificha. Gurdon alipochukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakitia kwenye yai ambalo kiini chake kimeharibiwa, na akapata viluwiluwi (makala ya 1962, Nobel ya 2012 pamoja na Shinya Yamanaka), sote tulijali kwa sababu chura ni ndugu yetu mwenye uti wa mgongo. Hapo undugu una uzito. Lakini undugu huo unapimwa jeni kwa jeni, hatua kwa hatua. Asilimia moja ya mnyama mzima haikusaidii chochote. X. laevis mwenyewe ana kromosomu 36 na jeni zake nyingi ziko nakala mbili mbili, ukizima moja nyingine inaweza kushika kazi. Ndiyo maana watu wa jenetiki hupendelea jamaa yake, X. tropicalis, mwenye kromosomu 20.

Yule mwanafunzi alikuwa ameniletea pendekezo la kuchunguza malaria ya wajawazito kwa kutumia chura, kwa hoja kwamba "anafanana nasi vya kutosha". Katika malaria hiyo seli zenye vimelea hujibanza kwenye kondo la nyuma, na chura hana kondo. Nimelirudisha. Nimemwambia aandike upya, atumie kondo zinazotolewa kwa hiari ya mama baada ya kujifungua, na aanze na barua ya kamati ya maadili kwa sababu hiyo ndiyo itakayomchelewesha.