Mdudu ghali ni yule anayefia kwenye kopo: maswali na majibu kuhusu chakula cha mijusi wa kufugwa

Kila wiki nanunua nyenje, na karibu nusu wanakufa kabla hawajaliwa. Nakosea wapi?

Kabla hujatafuta muuzaji wa bei nafuu, fungua hilo kopo ulete pua karibu. Ukikutana na harufu kali inayowasha macho, hiyo ni amonia ya kinyesi chao, nayo inawaua. Wahamishie kwenye chombo kirefu chenye kuta laini, na tundu la mfuniko lizibwe kwa wavu wa chuma, maana wa plastiki watautafuna. Ndani simamisha vipande vya trei za mayai wima, kinyesi kidondoke chini badala ya kukaa walipo. Bakuli la maji usiweke, watazama. Kipande cha karoti kinawatosha, ila kitoe kabla hakijaota ukungu. Waliokufa waondoe kila siku. Chombo kikiwa na unyevu, wengi watakufa hata ukifanya hayo mengine yote.

Mabuu ya unga, yaani mabuu ya mbawakawa anayeishi kwenye nafaka, ni rahisi zaidi. Ukiwaweka kwenye friji wanapoa, hawakui haraka, na wanadumu kwa wiki kadhaa. Mara moja kwa wiki watoe kwa siku nzima wale. Lakini ile aina nyingine ya mabuu wakubwa, wenye urefu wa kidole, usiwatie friji kabisa: baridi inawaua.

Mjusi wangu hashibi. Nikipunguza wadudu, si nitamtesa?

Mijusi wengi wa kufugwa watakula kila kinachotambaa mbele yao, kwa hiyo usipime shibe kwa ulafi. Mtoto anayekua anahitaji wadudu kila siku. Mjusi mwenye ndevu akishakomaa, sehemu kubwa ya sahani yake iwe majani, na wadudu awapate mara chache kwa wiki. Geko chui, mjusi mdogo wa madoadoa, hali majani, ila akiwa mkubwa, kula siku moja na kupumzika siku inayofuata kunamtosha. Tazama mkia wake: ukizidi shingo kwa unene, au ukiona vifuko vya mafuta kwenye makwapa, amenenepa na ini lake liko hatarini. Hapa kubana matumizi na afya vinakwenda pamoja.

Poda ya kalsiamu nayo ni gharama. Naweza kuiacha?

Hapana. Punguza kwingine kokote, hapo usiguse.

Wadudu wengi wa kulishia wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, wakati mjusi anahitaji kinyume chake, karibu kalsiamu mbili kwa fosforasi moja. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, mwili unaichota kwenye mifupa. Mwanzoni huoni kitu. Baadaye vidole vinatetemeka, miguu inapinda, na taya la chini linakuwa laini kama mpira ukiligusa. Mifupa iliyokwisha kupinda mara nyingi hainyooki tena, na matibabu yake yatameza kile ulichookoa kwa mwaka mzima.

Habari njema ni kwamba poda inayohitajika ni kidogo sana. Tia wadudu kwenye mfuko na chembe ya poda, tikisa mpaka wafifie rangi kidogo, umpe mjusi papo hapo kabla hawajajisafisha. Siku moja au mbili kabla ya hapo, walishe wadudu wenyewe majani ya kijani na karoti, kwa sababu kilichomo tumboni mwao ndicho mjusi anachokula. Mabuu ya nzi chuma (black soldier fly) wana kalsiamu nyingi kwa asili, hivyo kuwachanganya na nyenje kunasaidia.

Mijusi wanaotegemea UVB, mwanga usioonekana kwa macho kama ule ulio kwenye jua, kutengeneza vitamini D3 hawatafaidi poda taa yao ikiwa imechoka. Taa hiyo huisha nguvu ya UVB huku bado inawaka vizuri machoni pako.

Nikiwazalisha mwenyewe, nitaokoa?

Ukiwa na mjusi mmoja, mimi ningeanza na mabuu ya unga: beseni la pumba, karoti, na subira ya miezi mitatu hivi. Mende wa dubia wanaliwa vizuri, hawapigi kelele wala hawapandi plastiki laini, lakini wanataka joto la nyuzi 28 hadi 32 ili wazae, na umeme huo nao ni pesa. Majike usimlishe mjusi miezi ya mwanzo. Mpe madume ya ziada. Angalia kwanza kama sheria ya unapoishi inaruhusu kuwafuga. Na kama nyumbani kuna mwenye pumu, waache, kwani vumbi la mende huichochea.

Kuna panzi bure nje. Kwa nini nisiwakamate?

Kwa sababu hujui jana walikula jani lililopuliziwa dawa gani, na wengine wana minyoo. Vimulimuli ndio wabaya kuliko wote: mmoja tu anaweza kumuua mjusi mwenye ndevu.

Nyenje waliobaki niwaache, atawala usiku?

Watoe. Nyenje mwenye njaa humng'ata mjusi aliyelala, na kidonda hicho huingia vijidudu. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni, mbali na sinki la vyombo, kwani mijusi hubeba salmonela hata wakionekana wazima; na watoto walio chini ya miaka mitano wasimshike kabisa.