Kitimwendo kwenye bustani ya mimea: yanayosemwa na yalivyo

"Hakuna ngazi, basi kitapita."
Kinachokwamisha kitimwendo bustanini mara nyingi si ngazi, ni njia yenyewe. Magurudumu madogo ya mbele ndiyo huzama kwanza: kwenye kokoto zisizoshindiliwa, mchanga, au udongo mwekundu baada ya mvua. Yakizama ghafla kiti hugoma na aliyekaa husukumwa mbele, pengine aanguke. Kwa hiyo ukipiga simu usiulize kama wanapokea wenye vitimwendo. Jibu ni ndiyo siku zote. Uliza njia ni ya lami, zege, pevingi au kokoto, na pale pembamba kabisa pana upana gani. Sentimita 90 zinatosha kupita, lakini kugeuza kiti kunataka nafasi ya mita 1.5 kwa 1.5. Uliza pia kama choo kipana kipo na kama kiko wazi, maana vingine hugeuzwa stoo ya mafagio.

Mkikuta kokoto za hatua chache, msaidizi akigeuze kiti akivute kinyumenyume. Magurudumu makubwa yakitangulia, madogo hufuata bila kuchimba.

"Pakiwekwa mteremko badala ya ngazi, kazi imekwisha."
Inategemea ukali wake. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, hivyo zinadai mteremko wa mita 5.4. Ubao wa mita 2 ulioegeshwa hapo ni mtego, hata asukume nani. Kwa anayejisukuma mwenyewe, 1 kwa 20 ndiyo raha.

Tena bustani nyingi maarufu ziko kwenye miinuko. Ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898, inashuka kuelekea Ziwa Victoria. Ukianza kwa kushuka hadi ufukweni, kupanda kunakusubiri mikono ikiwa imechoka. Penye mteremko mkali, msaidizi akae upande wa chini na kushuka kinyumenyume, aliyekaa akitazama juu.

"Cha umeme hakishindwi."
Hushindwa, na kikishindwa ni balaa. Vingi vina uzito unaozidi kilo 100, hakuna watu wawili wa kukinyanyua kutoka kwenye tope. Nyasi na milima pia hula betri haraka kuliko sakafu ya nyumbani. Betri ikifika nusu, geuza.

"Juu ya miti si pa kiti."
Kirstenbosch, bustani ya mimea ya Cape Town, ina daraja la kupita kati ya vilele vya miti, Boomslang, lililofunguliwa 2014. Lina urefu wa mita 130 hivi, na kitimwendo hupita.

"Anayetembea kwa fimbo hahitaji kiti."
Nyumbani, sawa. Arboretum ya Nairobi, yaani bustani ya miti, ina hekta 30 hivi. Hapo anayetumia fimbo hupima safari kwa mabenchi, si kwa mita. Kiti kikienda kitupu si aibu, kitabeba maji na mwavuli hadi kitakapohitajika. Kabla ya kutoka, geuza fimbo au gongo utazame mpira wa chini: mistari yake ikiwa imefutika, utateleza kwenye zege lililolowa, hasa ndani ya nyumba za vioo ambako mimea humwagiliwa mara kwa mara.