Mgahawa wa samaki San Blas: kuutambua kabla ya kuvuta kiti

Kwenye pwani ya jimbo la Nayarit, magharibi mwa Meksiko, mimi huangalia saa kabla ya kuangalia menyu. Wavuvi wadogo wengi hurudi asubuhi na mashua zao za fibaglasi zenye injini nyuma (wao huziita panga, na hazihusiani na panga la kufyekea). Ndiyo maana mgahawa wa samaki, marisquería, hufunguliwa asubuhi, hujaa kati ya saa saba na saa tisa mchana, na jua likianza kuinama viti vinapandishwa juu ya meza. Ulio wazi saa tatu usiku si lazima uwe mbaya, lakini samaki wake ameshalala kwenye friji, na bei haitakwambia hivyo.

San Blas, mji mdogo wa pwani hiyo, ina migahawa hii ya aina mbili. Ufukweni, na kwenye ghuba ya Matanchén iliyo jirani, kuna safu ya mabanda ya makuti yaitwayo enramadas, ambako unakula miguu ikiwa mchangani. Mjini kuna vijumba vya meza nne au tano, mara nyingi mbele ya nyumba ya mtu. Banda la ufukweni lenye kijana anayekimbilia magari barabarani akipunga menyu, mimi hulipita. Kijumba chenye ubao wa chaki ambao nusu ya vyakula vimefutwa, huingia. Kilichofutwa kimekwisha, na kilichokwisha kilikuwepo.

Ukishaingia, tafuta ndimu. Ndimu ya Meksiko ni hii hii tunayoijua pwani yetu, ndogo, ya ganda jembamba na mbegu nyingi, wala si limau. Zikiwa nzima kwenye beseni na mtu anazikata kadiri oda zinavyoingia, kaa. Ukiona jagi la maji ya ndimu yaliyokamuliwa tangu asubuhi, agiza kitu cha kukaanga tu. Maji hayo yakikaa saa nyingi harufu hupotea na uchungu hupanda, na kwa vyakula vya huku ndimu ndiyo nusu ya upishi.

Chakula kinachoupima mgahawa ni aguachile, chenye asili yake jirani, jimbo la Sinaloa. Ni kamba mbichi, ndimu, pilipili na chumvi. Hakuna mchuzi wa kuficha kosa. Kwa watu wawili hadi watatu, vipimo vyangu ni hivi: kamba nusu kilo waliokwisha menywa, maji ya ndimu mililita 200 (ndimu kumi na mbili hadi kumi na tano), pilipili mbichi aina ya serrano mbili au tatu, konzi moja ya kotimiri, ile Wakenya wanayoiita dania, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, tango moja na nusu ya kitunguu chekundu. Namna ya zamani hutumia chiltepín, pilipili ya porini ya duara, ndogo kama punje ya pilipili manga, inayopigwa kinuni. Ukali wake hupanda haraka na kushuka haraka. Serrano hukaa mdomoni.

Kamba hupasuliwa mgongoni hadi wafunguke kama kitabu, ule uzi mweusi wa utumbo unatolewa, wananyunyizwa chumvi na kuwekwa juu ya barafu. Pilipili, ndimu na kotimiri husagwa kwa sekunde kumi hivi, si zaidi. Blenda ikizunguka muda mrefu hupasha moto, rangi ya kijani inageuka ya majani makavu, na mbegu za ndimu zilizoponyoka zinasagika na kuleta uchungu. Mchuzi humwagwa juu ya kamba mteja akiwa ameshakaa, na sahani inatakiwa kufika mezani ndani ya dakika tano hadi kumi. Kamba awe mweupe kwa nje na bado wa kioo katikati. Akiwa mweupe hadi ndani na anavutika kama mpira, amekaa kwenye ndimu zaidi ya dakika ishirini, maana yake walimwandaa kabla hujaja. Sahani ikiwa na dimbwi la maji yasiyo na ladha, kuna makosa mawili yanayojulikana: kamba waliyeyushwa barafu ndani ya maji badala ya kwenye chujio, au tango lilikatwa na kutiwa chumvi mapema likatoa maji yake yote.

Sevichi ya hapa, yaani samaki mbichi wa kutiwa ndimu, inashangaza wageni. Hutengenezwa kwa sierra, samaki wa jenasi moja na nguru wetu, na nyama yake husagwa au kukatwakatwa hadi iwe kama kima, kisha huchanganywa na karoti iliyokunwa, kitunguu na ndimu. Inapakwa juu ya tostada, yaani chapati ndogo ya mahindi iliyokaangwa ikakauka. Sierra ana mafuta na huharibika upesi. Sevichi yake ikikuwasha ulimini kwa namna isiyo ya pilipili, iache na usione haya. Ni dalili ya histamini, inayojitengeneza samaki wa aina hii akikosa barafu, na wala ndimu wala moto hauiondoi.

Na hapo niseme wazi, kwa sababu watu hurudia sana kwamba ndimu "hupika". Asidi hugeuza protini, kwa hiyo nyama inakuwa nyeupe na ngumu, lakini haiui vijidudu kama moto unavyoua. Bakteria aina ya Vibrio wa maji ya joto hubaki. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa ini, au yeyote ambaye kinga yake imepungua asile kamba mbichi wala chaza mbichi, hata mgahawa uwe safi namna gani. Aagize kamba kwa kitunguu saumu, camarones al mojo de ajo, na hajapoteza kitu.

Uliza pia kamba ametoka wapi: estero (mikono ya bahari na mabwawa ya chumvi), altamar (bahari kuu) au granja (shamba). Kwenye pwani hii uvuvi wa kamba hufungwa kila mwaka, kwa kawaida kuanzia Machi hadi Septemba hivi, ili wazaane. Marufuku hiyo huitwa veda. Mhudumu anayekuapia mwezi Julai kwamba kamba wake wa bahari kavuliwa leo ama hajui ama anakudanganya. Anayejibu kuwa wametoka shambani au kwenye friza ndiye wa kumwamini kwa mengine.

Sasa samaki wenyewe. Fahari ya Nayarit ni pescado zarandeado, samaki wa kupakwa viungo na kuchomwa juu ya makaa, anayehusishwa hasa na kisiwa cha Mexcaltitán, kaskazini ya San Blas. Aliyezoea samaki wa kupaka ataelewa mara moja, isipokuwa mahali pa nazi pamekaa pilipili kavu. Pargo, samaki mwekundu anayefanana na changu wetu, au róbalo, hupasuliwa mgongoni kama ng'onda, kichwa kikiwamo, tumbo likiwa ndilo bawaba. Wapishi wengi huacha magamba ili yaikinge nyama na moto. Kwa samaki wa kilo moja na nusu: pilipili kavu za guajillo nne zilizolowekwa, punje tatu za kitunguu saumu, sosi ya soya vijiko viwili vya chakula, mayonezi vitatu, haradali kijiko cha chai, na ndimu mbili. Usiicheke mayonezi. Mafuta yake ndiyo yanayozuia nyama kukauka na kunata.

Samaki hubanwa ndani ya wavu wa chuma wenye mikono na kuwekwa juu ya makaa, upande wa ngozi kwanza, dakika kumi na mbili hadi kumi na tano, kisha hugeuzwa upande wa nyama dakika nne au tano tu. Wakianza na nyama juu ya moto mkali, viungo vilivyopakwa vinaungua na kuwa vichungu huku karibu na mfupa bado mbichi. Ni kosa la wapishi wenye haraka, na wenye haraka ni wengi wiki ya Pasaka. Zamani kuni zilikuwa za mkoko, ambazo zina moto mkali na moshi mtamu, lakini tangu 2007 sheria ya Meksiko inazuia kuiondoa mikoko, kwa hiyo anayekusifia kuni za mkoko hakusifii jambo jema.

Zarandeado huuzwa kwa kilo, na hapa ndipo ugomvi wa hesabu huzaliwa. Omba uoneshwe samaki kabla hajapasuliwa: macho yametuna, mashavu mekundu ya damu na si ya kahawia, nyama ikibonyezwa inarudi. Apimwe mbele yako, na bei isemwe kabla hajafika motoni. Kichwa na mifupa huchukua karibu nusu ya uzito, kwa hiyo nusu kilo kwa mtu mmoja inatosha. Muagize wa kwanza, kwa sababu atachukua dakika arobaini, halafu aguachile ije katikati ya kusubiri.

Beba noti ndogo, kwani vijumba vingi havina mashine ya kadi. Bili haitaletwa mpaka uiombe, la cuenta, maana kuileta bila kuombwa ni kama kukufukuza. Ongeza asilimia kumi hadi kumi na tano ya bahashishi ya mhudumu. Ila uiombe kabla ya saa kumi na moja jioni. San Blas ina usubi, jejenes, wanaotoka kwenye mikoko jua likitua, na makuti hayawazuii.