Ndimu au sindano: nini hasa huchelewesha hedhi?

Maswali haya huulizwa na wasichana na akina mama wa Kadutu na Bagira, hapa Bukavu, mara nyingi baada ya wanaume kutoka chumbani.

Tunaambiwa tusile ndimu, sukari wala maziwa tukiwa mwezini. Nikila ndimu, damu itakatika?

Haitakatika, dada. Hedhi inaongozwa na homoni za ubongo na za ovari (vifuko vya mayai), na ndimu huishia tumboni kama chakula kingine. Sukari nayo haizidishi damu, wala maziwa hayana kosa.

Tena ndimu ina faida kwako. Kila mwezi damu inapotoka, madini ya chuma hutoka nayo, na ukiyapungukiwa unaishiwa nguvu, unapata kizunguzungu, unahema ukipanda mlima wa Kadutu. Chuma kimo kwenye sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha) na maharage, lakini mwili hukinyonya kidogo tu usipopata vitamini C, iliyomo ndani ya ndimu. Basi kamua ndimu juu ya lengalenga, weka sambaza (samaki wadogo wa ziwani) kando ya bugali, ule ushibe. Wa kuogopwa hapo ni chai: inazuia chuma kisinyonywe. Ingoje saa moja au mbili baada ya kula. Ni ajabu kidogo kwamba tumeikataza ndimu na chai tukaiacha.

Kwa hiyo chakula hakina neno na hedhi?

Njaa ndiyo yenye neno. Mama aliyekimbia vita, anayekula mara moja kwa siku na kulala kwa hofu, anaweza kukaa miezi bila kuona damu. Ubongo ukiona mwili hauna akiba, unapunguza homoni na yai halikomai. Unene uliozidi pia huvuruga mzunguko.

Kwa mwanamke mzima, siku 21 hadi 35 kutoka hedhi moja hadi nyingine ni kawaida. Kwa msichana aliyeanza karibuni zinaweza kufika 45. Hedhi ikichelewa, pima mimba kwanza, hata kama una hakika huna. Ikipotea miezi mitatu na mimba haipo, nenda ukachunguzwe.

Mdogo wangu anakunywa vidonge vya kunenepa na mwezi wake umevurugika. Vinahusika?

Inawezekana sana. Vingi vya vidonge hivyo, vile vinavyouzwa kimoja kimoja bila karatasi ya daktari, ni deksametazoni, mara nyingi pamoja na siproheptadini. Siproheptadini ni dawa ya mzio inayoleta hamu ya kula. Deksametazoni ni dawa kali ya kutuliza uvimbe; ikinywewa kwa muda mrefu inakandamiza homoni za mwili, hedhi inachelewa au inapotea. Uso unavimba, sukari na presha vinapanda, kinga inashuka. Huo si unene wa afya, hata majirani wakiusifu.

Lakini asiviache ghafla kama amevinywa kwa wiki nyingi. Tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimelala, na kukata dawa siku moja kunaweza kumwangusha vibaya. Apeleke pakiti kwa daktari, apunguziwe dozi polepole.

Nina sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu na sioni damu. Inakusanyika wapi?

Haikusanyiki popote, mama. Sindano hufanya ukuta wa ndani wa mji wa mimba ubaki mwembamba, na shamba lisilopandwa halivunwi. Ukiiacha, uzazi unaweza kuchukua miezi tisa au kumi tangu sindano ya mwisho kabla ya kurudi. Kitanzi cha shaba, kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, ni kinyume: damu na maumivu huongezeka, hasa miezi ya mwanzo.

Na kidonge cha dharura cha kuzuia mimba?

Kinaweza kuwahisha au kuchelewesha hedhi kwa siku kadhaa. Ikipita wiki moja baada ya siku uliyoitarajia, pima mimba.

Dawa za malaria na za kifua kikuu je?

Dawa za kawaida za malaria hazidhoofishi vidonge vya uzazi wa mpango. Rifampisini, ya kifua kikuu, ndiyo ya kuangaliwa: inalifanya ini livunje homoni upesi, hivyo vidonge na kipandikizi (kijiti cha mkononi) hupungua nguvu. Sindano ya miezi mitatu haiguswi. Mwambie muuguzi anayekupa dawa ni njia gani unatumia; asipouliza, sema wewe.

Maumivu ya tumbo la hedhi nitumie nini?

Ibuprofeni, mara maumivu yanapoanza na baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo au anayehisi ana mimba achukue parasetamoli.

Lini nisingoje?

Pedi ikijaa kila saa kwa saa mbili au zaidi, au ukizimia, nenda hospitali hata kama ni usiku. Hedhi iliyochelewa pamoja na maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Hiyo haingojwi hadi asubuhi. Damu inayozidi siku saba, au inayorudi baada ya hedhi kukoma uzeeni, ikaonwe kituo cha afya wiki hiyohiyo.