Kingamwili isiyotosheka na kushika

Jioni moja barazani, Mji wa Kale, Mombasa, kahawa chungu mkononi, niliponyokwa na neno kwamba ziko kingamwili zinazofanya kazi ya vimeng'enya. Basi ikawa hakuna kuondoka. Nimeyakusanya hapa niliyoulizwa. Majibu mengine nimeyanyoosha baadaye nyumbani.

Kwanza, hiyo kingamwili ni nini?

Ni protini inayotengenezwa na seli B, askari wa damu. Ina umbo la herufi Y: minyororo miwili mizito na miwili myepesi, imefungamana. Ncha ya kila mkono ina vitanzi sita, na hivyo ndivyo vinavyomshika mgeni. Gerald Edelman na Rodney Porter walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1972 kwa kuuchambua muundo huu. Mama mjamzito akidungwa sindano ya pepopunda kliniki, mwili wake hutengeneza kingamwili, nazo humfikia mtoto tumboni. Lakini kazi yake ni kushika tu. Kumaliza adui huwaachia wengine.

Na kimeng'enya?

Hicho hushika, hukata, huachia, hushika kingine. Tafuna muhogo wa kuchemsha polepole bila kumeza. Ule utamu unaokuja ni kimeng'enya cha mate kinakata wanga kuwa sukari.

Sasa mshikaji anageuzwaje mkataji?

Hapa nilimwomba muuza sambusa wa pembeni anionyeshe manda kabla hajaikunja.

Kuna kifungo cha kemikali kiitwacho esta. Penye kukatwa pana atomu ya kaboni yenye majirani watatu, imelala bapa kama ile manda. Maji yakiivamia, jirani wa nne anaingia, na kaboni inainuka kuwa na pembe nne, sambusa kamili. Umbo hilo halidumu hata kufumba na kufumbua. Kaboni inarudi kulala, na kifungo kimeshakatika. Ugumu wote uko pale kwenye kuinuka.

Mwanakemia William Jencks aliliwaza hili mwaka 1969: ukipata kingamwili inayolishika lile umbo la katikati, itaurahisisha mkato. Mwaka 1986 makundi mawili ya California, la Richard Lerner na la Peter Schultz, yalionyesha kwamba inawezekana. Kundi la Lerner lilitumia kemikali yenye fosforasi mahali pa ile kaboni. Umbo ni la sambusa, ila haikunjuki. Ni sambusa ya jiwe. Panya akadungwa, mwili wake ukaunda kingamwili za kuishika. Esta halisi ikiingia kwenye kishimo cha kingamwili hiyo, inakuta nafasi iliyochongwa kwa sambusa, inavutwa kuinuka, inakatika.

Mzee mmoja: "Vimeng'enya vimechongwa kwa mamilioni ya miaka. Panya huyo kapata wapi muda?"

Swali la usiku ule lilikuwa hili. Panya anahitaji wiki chache tu. Seli B huanza kwa kuchanganya vipande vya jeni, kila seli kwa namna yake. Ugunduzi huo ulimpa Susumu Tonegawa Nobel mwaka 1987. Kisha, ndani ya tezi za limfu, seli zilizomshika mgeni huzaana huku zikibadilisha herufi za jeni hizo. Inayoshika vizuri zaidi hubaki, dhaifu hufa. Ni mageuzi yaleyale, yamepita ndani ya mnyama mmoja.

Schultz na wenzake walitazama kingamwili moja ya panya, 48G7, wakaunda upya na ile ya mwanzo kabisa kabla haijabadilika. Tofauti ilikuwa asidi amino 9, yaani vipande vidogo vinavyounda protini, na mshiko ulikuwa umeongezeka mara 30,000. Ajabu ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizo 9 inayogusa kile kinachoshikwa. Nyingine ziko mbali na kishimo. Picha za muundo wake za mwaka 1997 zilitoa sababu: kingamwili ya mwanzo ni laini, hujipinda ili kumfuata mgeni, lakini ile iliyokomaa imeshatulia katika umbo lake, kama kufuli linalongoja ufunguo. Mabadiliko yale yalikaza nguzo, hayakugusa mlango.

Mbona haziko duka la dawa?

Nyingi ya kingamwili hizi huharakisha kazi mara elfu hadi mara milioni. Ni kasi kubwa, lakini vimeng'enya vya asili huziacha mbali. Nionavyo mimi, kosa liko kwenye mafunzo: mwili huzawadia seli inayoshika kwa nguvu, hakuna anayeizawadia kwa kuachia. Feri ya Likoni ikipakia watu isiwateremshe, itavuka mara moja tu.

Zinaweza kuwasaidia vijana wetu wa unga?

Unga wa kwetu ni heroini, na huko tiba ni methadoni, dawa ya kutuliza arosto, ambayo hata hapa Mombasa inatolewa kliniki. Kilichojaribiwa ni kokeini, ambayo ina esta. Mwaka 1993 Donald Landry na wenzake, New York, walitengeneza kingamwili inayoikata kuwa vipande visivyolevya. Bado si dawa ya kununua.

Jirani mwenye lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, kwa simu: "Nasikia mwili wenyewe huzitengeneza?"

Ndiyo, dada. Mwaka 1989 Sudhir Paul na wenzake walizieleza kutoka kwenye damu ya binadamu, zikikata protini ndogo inayolegeza misuli ya njia za hewa. Mwaka 1992 watafiti wa Moscow wakaeleza nyingine, za wagonjwa wa lupasi, zinazokata DNA. Lakini kile kipimo cha kingamwili ulichoandikiwa na daktari kinaangalia kama zinashika, si kama zinakata. Dawa zako endelea nazo vilevile, na tarehe ya kliniki usiiruke.