Prof, nisome nini kabla masomo hayajaanza?

Matokeo ya mtihani wa serikali yakishatoka, simu yangu hailali. Vijana wa Lubumbashi na wazazi wao wanauliza lile lile: mtoto ameamua kusoma sheria, asome nini akingoja? Wengine wamekwisha nunua silabusi ya mwaka jana, yaani maelezo ya mwalimu, kwa mtu wa fotokopi.

Silabusi iacheni. Mwalimu hubadilika, na somo naye. Aliyekariri maelezo ya sheria bila kuiona sheria yenyewe namtambua haraka.

Soma Katiba ya Kongo yetu. Ina vifungu 229. Soma vitatu vinne kwa siku, kalamu mkononi. Ila angalia ni chapa gani. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilirekebishwa Januari 2011, na nakala za zamani bado zinazunguka mjini. Humo kifungu cha 71 kinadai rais apate zaidi ya nusu ya kura, la sivyo kuna duru ya pili. Tangu 2011 anayeongoza ndiye amechaguliwa, hata kwa theluthi. Kuna kijana alinitetea duru ya pili kwa ufasaha wa ajabu katika mtihani wa mdomo. Alama sikuwa nayo ya kumpa.

Ongeza kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Kiraia. Ni dekreti ya 1888, enzi za Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, na mahakama bado zinakitumia. Sentensi moja: aliyemtia mwenzake hasara kwa kosa lake, ailipe. Kaa nayo wiki nzima. Taksi-basi imeacha barabara, imeponda meza ya mama muuza nyanya. Kosa liko wapi? Hasara ni nyanya tu, au na faida ya siku ile? Na kama breki zilikatika?

Kinachoangusha wengi mwaka wa kwanza ni Kifaransa. Cha darasani wanakijua. Cha sheria ni kingine. Nonobstant (licha ya), sous réserve de (kwa sharti la): maneno haya hugeuza kifungu kizima, na mwanafunzi huyakwepa kama mashimo ya barabara. Yaandike, halafu mweleze kifungu dada yako kwa Kiswahili akisonga bukari, ugali wetu. Akiuliza ukakwama, rudi kwenye maandishi.

Na kama miezi hiyo unauza makala, yaani makaa ya kupikia, upate pesa ya kujiandikisha, wewe uza makala. Kifungu cha 1, kinachokitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, utakimaliza kwenye foleni ya kuandikishwa.