Je, wajua kwa nini anayejifunza rangi za mafuta hupewa picha ya mwingine ainakili?

Hiyo si kuibia kazi ya mtu? Wenye fani hawaoni hivyo. Makumbusho ya Louvre, Paris, yamewapokea wachoraji wanaonakili tangu yalipofunguliwa mwaka 1793, ila nakala isilingane kwa ukubwa na picha ya asili, isije ikauzwa kama ndiyo yenyewe. Vincent van Gogh naye, akiwa mchoraji aliyekwisha komaa, mwaka 1889 na 1890 alinakili kazi za mchoraji Mfaransa Jean-François Millet kutoka kwenye chapa zisizo na rangi, akatia rangi za kwake.

Sababu kubwa imo katika mafuta yenyewe. Rangi ya maji hukauka maji yakigeuka mvuke. Mafuta ya kitani, yanayochanganywa na rangi hizi, hayageuki mvuke. Hunyonya oksijeni hewani na kuwa utando mgumu polepole, kwa siku kadhaa, na tabaka nene hata kwa miezi. Kwa hiyo picha hujengwa tabaka juu ya tabaka: la chini liwe na mafuta kidogo, la juu mengi zaidi. Ukigeuza, la juu litatangulia kukauka huku la chini bado linacheza, na picha itapasuka. Mpangilio huo hauonekani kwenye picha iliyokamilika, kama vile mla pilau asivyojua kitunguu kilikaangwa mpaka wapi. Sharti uipike.

Tuchukue picha ya Het Melkmeisje, yaani Msichana wa Maziwa, aliyoichora Johannes Vermeer mjini Delft, Uholanzi, karibu mwaka 1660 na ambayo sasa iko katika makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Ni ndogo, sentimita 45.5 kwa 41 tu: mtumishi wa jikoni anamimina maziwa, mkate uko mezani, dirisha liko kushoto. Anayeinakili anaweza kuanza kwa kupanga mwanga na kivuli kwa rangi moja ya kahawia, amba. Huu ni udongo wenye manganisi, ambayo huharakisha ukaukaji, basi hufaa sana kukaa chini. Rangi nyingine hufuata. Kwa buluu ya aproni Vermeer alitumia ultramarini ya jiwe la lapisi lazuli, lililotoka Afghanistan na kugharimu fedha nyingi. Mwanafunzi wa leo hununua ile ya kiwandani, iliyobuniwa Ufaransa miaka ya 1820, na hapungukiwi kitu.

Kwangu mimi, mtihani hasa ni ukuta. Mtu huufikia akidhani ni mweupe, akapaka nyeupe tupu, na chumba kizima kikapoteza mwanga. Utazame vizuri: chini ya dirisha ni kijivu kizito, nyuma ya mtumishi unang'aa, na kati yake kuna msumari wenye kivuli chake na vitundu vya misumari iliyong'olewa. Hakuna maelezo ya darasani yanayofundisha hayo kama kuchanganya kijivu hicho mara ya tano na bado hakifanani.

Mwaka 2022 Rijksmuseum ilitangaza kwamba vipimo vya kisasa vimeonyesha vitu vilivyofichwa chini ya rangi ya picha hiyo: kining'inizio cha magudulia nyuma ya kichwa cha mtumishi, na kapu la moto, yaani kapu la kuwekea chombo cha makaa. Vermeer alivianza, kisha akavifunika. Anayenakili hapitii kusitasita huko. Hupokea uamuzi uliokwisha kukatwa. Ndiyo maana nakala ikikauka, zoezi linalofaa kufuata ni gudulia na mkate wa kweli mezani, mwanafunzi aamue mwenyewe cha kuondoa.